Kushuka Chini ya Chuma

Mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na mbabe wa maonyesho huko Ufaransa, Louis Uni, ambaye watazamaji walimjua kwa jina la jukwaani, Apollon. Alizaliwa mwaka 1862 katika mji mdogo wa kusini uitwao Marsillargues. Miongoni mwa vyombo vyake vya kazi kulikuwa na jozi ya magurudumu ya behewa la reli, yakiwa bado yameshikana na ekseli yake. Jumla yake ni kilo 166. Msomaji wa habari za michezo wa leo hatashtushwa na uzito huo, maana wapo wanawake wanaoinua zaidi. Lakini ekseli ile ilikuwa na unene wa karibu milimita 50, vidole haviwezi kukutana kuizunguka, na zaidi ya hapo haikuwa inajizungusha. Magurudumu na ekseli vilikuwa kitu kimoja.

Mimi ni fundi wa magari hapa Tanga. Nimefungua na kufunga ekseli tangu nikiwa kijana wa kushika tochi gerejini, na nyuma ya gereji yangu nafundisha vijana kunyanyua chuma. Kwa hiyo habari ya magurudumu ya Apollon naisoma kwa macho mawili, ya fundi na ya mnyanyuaji. Mtu anapovuta chuma kutoka chini na kukipokea mabegani au juu ya kichwa, viganja vyake vinageuka. Mwanzo vinatazama nyuma, mwisho vinatazama mbele au juu. Kama mtaimbo unazunguka ndani ya sahani zake, viganja vinageuka na mtaimbo, sahani zinabaki zilivyo. Kama hauzunguki, kila unapogeuza viganja unageuza pia uzito wote ule wa pembeni, na ukishaanza kuzunguka hautaki kusimama. Chuma kinakupiga kifuani, au kinakutoka mkononi. Ndiyo maana wanaume wenye nguvu za kutisha walifika mbele ya magurudumu yale na kuondoka bila kitu.

Watatu walioyafikisha juu ya kichwa baada ya Apollon wamebaki kwenye kumbukumbu za mchezo. Wa kwanza ni Charles Rigoulot, Mfaransa, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1924, ambaye baadaye aliendesha pia magari ya mashindano. Yeye aliyainua mwaka 1930. Wa pili ni John Davis, Mmarekani mweusi, mwaka 1949. Davis alikuwa na viganja vidogo, kwa hiyo aliishika ekseli mkono mmoja ukitazama mbele na mwingine nyuma, akaivuta, na ikiwa hewani akauachia mkono mmoja, akaugeuza, akaidaka tena mabegani. Wa tatu ni Norbert Schemansky, naye Mmarekani, mwaka 1954. Aliivuta hadi mabegani na kuisukuma juu mara tatu.

Ninayataja majina haya kwanza kwa sababu watu wengi wanaokuja kwangu wanaamini kunyanyua chuma ni kazi ya misuli. Wanakuja na vifua vilivyojengwa kwa kulala kwenye benchi na kusukuma, mikono imejaa, na wanataka niwaongezee sahani. Historia ya mchezo huu inasema jambo jingine kabisa, na inalisema tangu siku ya kwanza ya Olimpiki ya kisasa.

Athens, mwaka 1896. Kulikuwa na mashindano mawili ya chuma, ya mikono miwili na ya mkono mmoja. Katika ya mikono miwili, Viggo Jensen wa Denmark na Launceston Elliot wa Uingereza wote waliinua kilo 111.5. Mwamuzi alikuwa Mwanamfalme George wa Ugiriki. Alimpa ushindi Jensen kwa sababu aliinua kwa namna nzuri zaidi, maana Elliot alisogeza mguu. Katika kutaka kuongeza, Jensen aliumia bega, na Elliot akashinda ya mkono mmoja kwa kilo 71. Yaani medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki katika mchezo wa chuma iliamuliwa na ufundi, uzito ukiwa sawa.

Ila ufundi wenyewe ulikuwa haujakubalika ni upi. Wajerumani na Waaustria walikuwa na desturi ya kukipandisha chuma kwa hatua: kutoka chini mpaka kwenye mkanda, kutoka mkanda mpaka juu ya tumbo, kutoka tumbo kwa kukirusharusha mpaka kifuani. Ilihitaji tumbo kubwa, mkanda mpana na subira. Wafaransa na Waingereza waliona huko ni kupanda ngazi. Wao walitaka chuma kitoke sakafuni hadi mabegani kwa mvuto mmoja, kisiguse mwili njiani. Kanuni yao ndiyo iliyoshinda, na ushindi huo ulibadilisha miili ya wachezaji. Anayepandisha kwa hatua anafaidika kwa kuwa mzito. Anayevuta mara moja lazima awe mwepesi wa miguu.

Mwaka 1920 mchezo ulirudi Olimpiki huko Antwerp baada ya kuachwa miaka mingi. Mwaka 1924 Paris walikuwa na mitindo mitano, miwili ikiwa ya mkono mmoja. Mwaka 1928 Amsterdam ikabaki mitatu, yote ya mikono miwili: presi, yaani kukipeleka chuma kutoka mabegani hadi juu kwa nguvu ya mikono bila kukunja magoti, snachi, yaani kukitoa sakafuni mpaka juu ya kichwa kwa mvuto mmoja, na klini na jerki, ambapo unakipokea kwanza mabegani, unasimama, kisha unakirusha juu kwa miguu. Mitatu hiyo ilidumu miaka 44.

Amsterdam kulitokea jambo jingine ambalo vitabu vingi hulipita haraka, na mimi kama fundi siwezi kulipita. Chuma kilichotumika kilikuwa cha Kaspar Berg, Mjerumani wa Nuremberg, na mikono ya chuma hicho ya kubebea sahani ilikuwa inazunguka. Yale yaliyomtesa Davis kwenye ekseli ya Apollon hayakuwapo kwenye chuma cha Berg. Kwa maoni yangu snachi kama tunavyoijua ilipata uhai siku hiyo. Unaweza kuwa na mwalimu bora na miguu ya chemchemi, lakini kama mtaimbo wako haugeuki, hutathubutu kujitupa chini yake kwa kasi, kwa sababu viganja vyako vinajua hatari kabla ya wewe kuijua.

Chuma changu cha kwanza cha kufundishia nilikitengeneza kwa shafti ya lori, na sahani zake zilikuwa flaiwili kuukuu na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Vyuma vya namna hiyo viko kila mtaa, Tanga, Mombasa, Kampala, na vimewajenga watu wengi. Kwa kusukuma kifuani vinatosha. Kwa snachi havitoshi, mpaka uvifanyie kazi. Nilichonga bomba liingie juu ya ncha za shafti, nikaweka bushi za shaba ndani yake, grisi, na pini ya kuzuia bomba lisitoke. Vijana walipokivuta mara ya kwanza baada ya matengenezo hayo, walidhani nimepunguza uzito.

Mzee aliyenifundisha alikuwa baharia mstaafu, na yeye alikuwa anawasifu watu wa nchi moja tu: Wamisri. Nilikuja kusoma na kuona alikuwa na haki. Pale Amsterdam 1928, El Sayed Nosseir alishinda uzito wa kilo 82.5 kwa jumla ya kilo 355, akamzidi Louis Hostin wa Ufaransa kwa kilo 2.5. Hostin huyo hakuwa mtu mdogo, maana alikuja kushinda Olimpiki mbili zilizofuata. Nosseir alivuta kilo 112.5 kwenye snachi na 142.5 kwenye klini na jerki.

Miaka minane baadaye, Berlin, akaja Khadr El Touni. Nataka kukaa kwake kidogo, kwa sababu kijana wa Kiafrika anayejifunza chuma bila kumjua El Touni ameanzia katikati ya kitabu. Alishindana katika uzito wa kati, kilo 75. Alipresi kilo 117.5, akavuta snachi ya 120, akamaliza na klini na jerki ya 150. Jumla 387.5. Aliyemfuata, Rudolf Ismayr, Mjerumani aliyekuwa kwao mbele ya watu wake na aliyekuwa bingwa mtetezi, alipata 352.5. Pengo la kilo 35! Na kuna kipimo kingine kinachonishangaza zaidi ya hicho. Hostin, aliyeshinda dhahabu ya uzito wa juu yake, kilo 82.5, alipata 372.5. El Touni angepanda daraja angeshinda huko pia, kwa kilo 15. Siku hizo hizo za Berlin, Anwar Mesbah wa Misri naye alipata dhahabu ya uzito wa 67.5, akilingana na Robert Fein wa Austria. Na London mwaka 1948, Mahmoud Fayad akashinda uzito wa 60, na katika 67.5 Ibrahim Shams na Attia Hamouda, Wamisri wote wawili, wakalingana kwa kilo 360. Ikabidi wepesi wa mwili uamue, na Shams akapewa dhahabu. El Touni alikufa mwaka 1956, akipigwa na umeme nyumbani kwake alipokuwa akitengeneza kitu. Umri wake ulikuwa wa mtu ambaye angeweza kufundisha kwa miaka 30 mingine.

Wamisri hao, kama karibu wanyanyuaji wote wa zama zao, walipokea chuma kwa kupanua miguu, mmoja mbele na mwingine nyuma. Unavuta, na chuma kikiwa bado kinapanda unarusha mguu mmoja mbele umekunjwa goti, mwingine nyuma umenyooka, na kiwiliwili kinashuka kati yake. Ni mtindo mzuri kuutazama. Una msimamo imara kwa mbele na nyuma, na hauhitaji mabega wala vifundo vya miguu vilivyo laini sana. Lakini una mpaka. Goti la nyuma haliruhusiwi kugusa sakafu, kwa hiyo kuna kina ambacho huwezi kukipita.

Kuhusu goti hilo kuna habari ya Stanley Stanczyk, Mmarekani, katika Olimpiki ya London 1948. Alikuwa tayari anaongoza uzito wa kilo 82.5 kwa mbali. Katika snachi yake ya mwisho aliomba uzito ambao ungekuwa rekodi ya dunia, akaufikisha juu, akasimama nao. Waamuzi wakakubali. Stanczyk akawaonyesha kwa mkono kwamba goti lake lilikuwa limegusa sakafu, na rekodi ikafutwa. Dhahabu aliipata vilevile. Habari hii nawasimulia vijana wangu, na sijawahi kuongeza maelezo baada yake.

Wakati huo huo, katika mji wa viwanda wa Akron, jimbo la Ohio, kulikuwa na mwalimu aliyekuwa akipinga mtindo wa kupanua miguu. Aliitwa Larry Barnholth. Yeye na ndugu zake walifundishia nyumbani, mahali ambapo walipaita kwa jina kubwa, Chuo cha Marekani cha Unyanyuaji wa Kisasa. Hoja yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Kama mchezaji atachuchumaa kabisa, makalio karibu na visigino, na kukipokea chuma juu ya kichwa akiwa amekaa vile, basi chuma hakihitaji kupanda juu sana. Kila sentimita ambayo mchezaji anashuka ni sentimita ambayo hana haja ya kuivuta. Kwa mtindo wa kupanua miguu unahitaji kukivuta karibu na kifua. Kwa kuchuchumaa, mtu mwenye ufundi anaweza kukidaka chuma ambacho hakikupanda sana zaidi ya kitovu chake.

Walikuwapo watu wachache waliochuchumaa kabla ya Barnholth, lakini hawakuwa na mfumo wa kuufundisha. Waliobaki waliuogopa, na hofu yao ilikuwa na msingi. Ukiwa umechuchumaa na kilo 100 juu ya kichwa, uwanja wa kukosea ni mdogo mno. Chuma kikienda mbele kidogo kinaanguka mbele, kikienda nyuma kidogo kinaanguka nyuma, na mabega yasipokuwa laini yanaumia. Barnholth aliamini hilo ni suala la mafunzo. Mwaka 1950 alichapisha kitabu kizima juu ya snachi ya kuchuchumaa. Lakini hoja yake kubwa zaidi alikuwa kijana mmoja wa hapo Akron, mtoto wa wahamiaji, aliyeingia kwake akiwa mvulana: Pete George. Mwaka 1947, akiwa na miaka 18, Pete George akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1952 Helsinki alishinda Olimpiki katika kilo 75 kwa jumla ya kilo 400. Linganisha na El Touni katika uzito huo huo, 387.5. El Touni alikuwa mtu wa ajabu. Pete George alikuwa kijana aliyefundishwa vizuri ndani ya nyumba ya watu.

Mwingine wa Helsinki alikuwa Tommy Kono. Wazazi wake walikuwa Wajapani, yeye alizaliwa Sacramento mwaka 1930. Marekani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia, serikali yake iliwahamisha watu wa asili ya Japani na kuwafungia makambini, na familia ya Kono ikapelekwa Tule Lake. Alikuwa mtoto mgonjwa wa pumu. Hewa kavu ya kambini ilimsaidia kifua, na humo humo ndimo alimowekewa chuma mkononi mara ya kwanza. Alishinda dhahabu mwaka 1952 na 1956, fedha mwaka 1960, na aliweka rekodi za dunia katika madaraja manne tofauti ya uzito, akipanda na kushuka kama timu ilivyohitaji.

Hata hivyo, mtindo wa kuchuchumaa haukushinda mara moja. Schemansky, yule wa magurudumu, aliendelea kupanua miguu na kupata medali nne za Olimpiki, ya mwisho Tokyo mwaka 1964. Kilichomaliza ubishi kilikuwa badiliko la kanuni katika miaka ya 1960. Kabla yake, chuma kikigusa mapaja wakati wa mvuto lilikuwa kosa. Mchezaji alilazimika kukivuta mbele kidogo ya mwili, mbali na kiuno chake mwenyewe. Kanuni ilipolegezwa, chuma kikaruhusiwa kupita kwa kusugua mapaja, na mara nguvu ya kiuno ikafunguka, faida kubwa ikiwa ya wale waliochuchumaa.

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi na wanafunzi wangu, na ningependa kuueleza mvuto wenyewe taratibu. Unasimama, miguu chini ya kiuno, mtaimbo juu ya katikati ya wayo. Mikono inashika kwa upana, kiasi kwamba ukisimama wima mtaimbo unakaa kwenye mkunjo wa nyonga. Dole gumba linaingia ndani, vidole vinalifungia. Linauma siku za mwanzo, baadaye halisikiki. Mgongo umenyooka. Kutoka sakafuni hadi magotini hakuna haraka. Magoti yanarudi nyuma kukipisha chuma, mabega yanabaki mbele yake, na mgongo haubadilishi mwelekeo. Kikishapita magoti, magoti yenyewe yanarudi mbele, chini ya chuma, na kiwiliwili kinainuka. Watu wengi hawalioni tendo hili hata wakitazama, kwa sababu ni la sehemu ndogo ya sekunde. Ndilo linaloweka miguu katika hali ya kuruka kwa mara ya pili. Chuma kinagusa mkunjo wa nyonga, na hapo ndipo kiuno, magoti na vifundo vinanyooka kwa pamoja kwa nguvu yote uliyonayo.

Na papo hapo, kabla chuma hakijamaliza kupanda, unaacha kuvuta juu na kuanza kujivuta chini. Miguu inaondoka sakafuni kidogo na kutua kwa upana zaidi. Mikono inanyooka juu, nawe umeshachuchumaa. Halafu unasimama. Yote hayo, kutoka sakafuni hadi kudaka, ni jambo la karibu sekunde moja.

Kijana mwenye nguvu ndiye anayepata shida zaidi kwenye hatua ya kushuka. Nguvu zake zinamwambia aendelee kuvuta kwa mikono. Analazimika kuuamini mwendo wa chuma ambacho hakioni, na kwenda chini wakati moyo unamwambia aende juu. Na chuma lazima kiwe karibu na mwili muda wote, kama mkwezi anavyoukumbatia mnazi. Ukijitenga nacho, unaangushwa.

Ndiyo maana kwangu wote wanaanza na ufito. Kijana mmoja, dereva wa bodaboda mwenye mabega kama mlango, aliniuliza mbele ya wenzake, “Fundi, mimi nimekuja kuinua chuma, mbona unanipa fimbo ya kuchungia mbuzi?” Nikamwambia, “Chuchumaa nayo juu ya kichwa, mwanangu, visigino vikiwa chini, kisha hesabu mpaka kumi.” Hakufika nne. Vifundo vyake vilikuwa vigumu, mabega yamefungwa na kazi ya benchi. Alirudi kesho yake, akasema shikamoo, akachukua ufito mwenyewe.

Presi niitaje kwa ufupi, maana ilikufa na ilistahili kufa. Ilikusudiwa kupima nguvu za mabega kwa mwili uliosimama wima. Kadiri uzito ulivyoongezeka, wachezaji wakaanza kujikunja nyuma, wakitumia kiuno na kifua. Waamuzi hawakukubaliana kipi ni halali, na migongo iliumia. Baada ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972 ikaondolewa. Vasily Alekseyev wa Umoja wa Kisovieti alishinda uzito wa juu kabisa pale Munich kwa jumla ya kilo 640 katika mitindo mitatu: presi 235, snachi 175, klini na jerki 230. Mtu huyo alipresi kilo 60 zaidi ya alivyoweza kuvuta kwenye snachi. Tangu siku hiyo mazoezi yote yakageukia kasi. Mwaka 2021 huko Tashkent, Lasha Talakhadze wa Georgia alivuta snachi ya kilo 225.

Sitadanganya kwamba tofauti hiyo yote imetokana na ufundi. Dawa zimeuchafua mchezo huu kwa muda mrefu. Seoul mwaka 1988 timu nzima ya Bulgaria iliondoka mashindanoni baada ya mabingwa wake wawili kupatikana na dawa, na Misri yenyewe, nchi ya El Touni, ilifungiwa isiende Olimpiki ya pili ya Tokyo kwa sababu hiyo hiyo. Linaniuma. Lakini ufundi umekua kweli, na umekua kwa kazi ya watu waliokaa na kupima. Arkady Vorobyev, aliyeshinda Olimpiki za 1956 na 1960, alikwenda kusomea udaktari, akafundisha, akaandika vitabu ambavyo makocha wa nchi nyingi walijifunzia.

Seoul hiyo hiyo ndiyo iliyomwona Naim Süleymanoğlu, Mturuki wa Bulgaria aliyetorokea Uturuki baada ya serikali kumlazimisha abadilishe jina lake la Kiislamu. Urefu wake ulikuwa sentimita 147, uzito kilo 60. Alivuta snachi ya kilo 152.5, mara mbili na nusu ya mwili wake, akaongeza klini na jerki ya 190. Kwa kijana mfupi anayeona haya kwa ufupi wake, sina somo bora kuliko hilo, isipokuwa la Precious McKenzie. Huyu alizaliwa Durban mwaka 1936, naye alikuwa mfupi kama Süleymanoğlu. Afrika Kusini ya ubaguzi ilimkatalia nafasi katika timu yake kwa sababu ya rangi, ingawa alikuwa bora wa daraja lake. Alihamia Uingereza, akashinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1966, 1970 na 1974, kisha akahamia New Zealand na kuishindia ya nne mwaka 1978.

Upande wetu wa Afrika haujapata medali ya Olimpiki katika chuma, ila tumekuwapo. James Adede wa Kenya alipanda jukwaani Rio mwaka 2016 katika kilo 94. Kinachokosekana kwetu nakijua kwa jina: walimu, na vyuma vinavyozunguka. Miguu tunayo. Mtu aliyekua akichuchumaa kupalilia, kufua na kupika ana vifundo na nyonga ambazo Barnholth alikuwa akiwahangaishia wanafunzi wake wazipate.

Hao waliokua hivyo, kwa wingi, ni wasichana. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake yalifanyika mwaka 1987 huko Daytona Beach, Florida, na Olimpiki ikawafungulia mlango Sydney mwaka 2000, miaka 104 baada ya Jensen na Elliot. Chuma chao kina kilo 15 badala ya 20, na unene wa milimita 25 badala ya 28, kwa ajili ya viganja vidogo. Kwangu wasichana ni wachache, lakini wanajifunza kushuka haraka kuliko wavulana, kwa sababu hawaji na imani kwamba mikono yao itawaokoa.

Wao nawaonyesha picha za Sara Ahmed, Mmisri wa Ismailia. Rio 2016 alipata shaba katika kilo 69 kwa snachi ya 112 na klini na jerki ya 143, akawa mwanamke wa kwanza wa Misri kupanda jukwaa la medali za Olimpiki. Paris 2024 alirudi katika kilo 81, akavuta 117 na 151, akapata fedha. Nawaambia wasitazame chuma, watazame miguu yake inavyotua. Wao wanauliza kwanza alikuwa na umri gani Rio. Miaka 18, nawajibu. Mmoja wao ana miaka 15. Alisema basi ana miaka mitatu ya kujifunza kuchuchumaa sawasawa, na tukaanza jioni hiyo hiyo, na visigino vyake.